Hekta Mbili Chini ya Sufuria ya Maharage

Mama mdogo yuko Sharjah, Falme za Kiarabu, tangu mimi nipo darasa la nne. Kila Ijumaa baada ya swala anatuma sauti kwenye kundi la familia, dakika tatu au nne, na kabla hujabonyeza unajua ndani yake mna dua, mna joto la kwao, na mna jina la mtu ambaye hajampigia simu siku nyingi. Ijumaa moja ya mwezi wa tano akaja na jipya. Mjukuu wake alikuwa amepewa kazi ya nyumbani na mwalimu: aingie kwenye kikokotoo cha mtandaoni, ajibu maswali kuhusu nyumba, chakula na usafiri wa familia, kisha aone wanaitumia dunia kiasi gani. Jibu likatoka kwamba binadamu wote wakiishi kama wanavyoishi wao, zitahitajika dunia tano na nusu.

"Dunia tano na nusu!" Mama mdogo hakulipokea vizuri. "Mimi ninayekula kiporo, simwagi hata punje ya wali. Haya, nyie wa Dar, jipimeni tuone."

Tukajipima. Kufika saa tatu usiku kundi lilikuwa limegeuka ubao wa matokeo ya kidato cha nne. Kaka yangu wa Mwenge, mwenye gari na kiyoyozi chumbani, dunia mbili kasoro. Binamu aliye Muheza, robo tatu ya dunia. Mimi wa Tabata, dunia moja kasoro kidogo. Mama mdogo akafunga mjadala: "Mashallah, mwanangu. Nyie mnaishi vizuri, hamharibu kitu."

Nilimwitikia kwa adabu, shikamoo ikatangulia, lakini maneno yake yalinikaa kooni kama mwiba wa kibua.

Kikokotoo kiliniuliza nyumba yangu ina ukubwa gani. Vyumba vitatu, watu sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe. Nikapata alama nzuri. Nakula nyama mara ngapi? Mara moja kwa wiki, mara mbili mshahara ukiwa bado wa moto. Alama nzuri. Gari? Sina, naenda na daladala, mara nyingi nimesimama. Alama nzuri sana. Ndege mwaka huu? Sijapanda. Kila swali nililijibu kwa shida zangu, lenyewe likaandika sifa. Hakuna mahali palipouliza kama ningenunua gari kesho nikipata fedha. Ningenunua, tena asubuhi na mapema.

Na hakuna mahali palipouliza kuhusu mkaa.

Mimi ni mhasibu wa duka la vipuri Gerezani. Kazi yangu ni kutoiamini jumla mpaka nione risiti zake. Nikaanza kutafuta hesabu hii inapigwaje.

Walioianzisha ni watu wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, Kanada: Profesa William Rees na mwanafunzi wake Mswisi, Mathis Wackernagel. Rees aliandika makala yake mwaka 1992, Wackernagel akaifanyia shahada ya uzamivu, na mwaka 1996 wakatoa kitabu pamoja. Jina lenyewe lilipatikana kwa bahati. Mwanzoni Rees alikuwa na istilahi ndefu ya kisomi ambayo hakuna mtu angeikumbuka kesho yake. Siku moja fundi wa kompyuta akamsifia mashine yake mpya kwamba ina unyayo mdogo, yaani haichukui nafasi kubwa mezani, na profesa akaona neno lake ndilo hilo. (Sisi tunalitafsiri unyayo wa kiikolojia na kuendelea. Mkenya wa umri wangu akisikia "nyayo" hafikirii ikolojia hata kidogo, anamfikiria Rais Moi, ambaye "Nyayo" ilikuwa kaulimbiu yake.)

Walichokifanya ni kugeuza swali. Wataalamu wa mifugo na wanyamapori walikuwa na swali la zamani: eneo hili linabeba ng'ombe wangapi, linabeba swala wangapi? Hawa wawili wakauliza kinyume chake: mtu huyu mmoja, popote alipo, anabebwa na ardhi kiasi gani, hata kama ardhi yenyewe iko ng'ambo ya bahari na hajawahi kuiona?

Kwa macho ya mhasibu, kilichotoka hapo ni leja. Upande mmoja yapo matumizi, yamewekwa katika mafungu sita: mashamba ya mazao, malisho, maji ya uvuvi, misitu inayotoa mbao na kuni, ardhi iliyojengwa nyumba na barabara, na msitu ambao ungehitajika kufyonza hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Upande wa pili upo uwezo wa ardhi na bahari kuzalisha vitu hivyo kwa mwaka. Vyote vinabadilishwa kuwa sarafu moja, hekta ya dunia, kwa maana ya hekta yenye rutuba ya wastani wa dunia nzima. Tangu mwaka 2003 kuna shirika la Global Footprint Network, lililoanzishwa na huyo huyo Wackernagel, lililobeba kazi ya kuzijumlisha leja za nchi. Kwa makadirio yao kila binadamu ana fungu la hekta kama moja na nusu hivi, na kwa wastani anatumia zaidi ya mbili na nusu. Ndipo inapopatikana ile kauli kwamba tunatumia dunia kama moja na nukta saba. Kila mwaka wanatangaza siku ambayo bajeti ya mwaka mzima imekwisha. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 24 Julai. Mwaka 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa sababu ya korona, ilisogea hadi tarehe 22 Agosti, na huo mwezi kasoro ndio unafuu tulioupata kwa kusimamisha karibu kila kitu.

Sasa mkaa.

Nilinunua gunia kwa muuzaji wa mtaani kwetu, nikamwomba mwuza mchele wa jirani aniazime mizani. Mwuza mkaa alicheka mpaka akakaa. Mkaa haupimwi kwa kilo, dada, mkaa unapimwa kwa macho. Lilikuwa gunia la lumbesa, mdomo umeongezewa vijiti na kufungwa kwa kamba, majani makavu yamechomoza juu. Vijana wawili wakalinyanyua. Kilo 58. Nikaandika tarehe ukutani, nyuma ya mlango wa jikoni, na kumwambia kila mtu asigawe mkaa kwa jirani bila kunijulisha. Mama mkwe alinitazama kama mtu aliyepatwa na jambo.

Tuna mtungi wa gesi. Gesi ni ya chai, mayai na kupasha. Lakini maharage, makande, nyama ya kuchemsha na wali wa siku ya wageni vinapikwa mkaani, kwa amri ya mama mkwe. "Maharage ya gesi hayaivi," husema, "yanachemka tu." Nimeshajaribu kubishana naye kwa bei. Anajibu kwa ladha, na watoto wako upande wake.

Gunia liliisha siku ya 34. Chini zilibaki chenga na vumbi, nikazipima nazo: kilo nne na nusu ambazo nilikuwa nimezilipia bei ya mkaa. Kwa mwendo huo, nyumba yangu inakula kama kilo 620 kwa mwaka.

Lakini kilo ya mkaa haitoki kwenye kilo ya mti. Katika tanuru la udongo, lile la kupanga magogo, kuyafunika kwa majani na udongo na kulilinda usiku kucha lisipasuke, inapatikana kilo moja ya mkaa kwa kila kilo tano hadi kumi za kuni, kutegemea ustadi wa mchomaji na ukavu wa magogo. Basi jiko langu la maharage linakula tani tatu hadi sita za mti kila mwaka. Pori la miombo nalo halina haraka. Kwa makadirio ya kawaida, hekta moja huongeza tani moja au mbili za mti mpya kwa mwaka, zaidi kidogo mvua zikiwa nzuri. Nikichukua hesabu ya huruma kabisa, kuna hekta karibu mbili za pori mahali fulani, Morogoro, Rufiji au Handeni, ambazo kazi yake ya mwaka mzima ni kukua ili nyumba yetu ile makande. Nikiacha huruma ni hekta sita. Na hilo ni jiko moja la familia yenye mtungi wa gesi. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake iliishia Dar es Salaam.

"Hamharibu kitu." Nilitamani kumpeleka Mama mdogo njia ya Kisarawe alfajiri akaangalie pikipiki zinavyoshuka mjini zimebebeshwa magunia matatu matatu, dereva haonekani kwa nyuma.

Ajabu ni kwamba hesabu ya nchi inalijua jiko langu. Kuni na mkaa vimo katika fungu la misitu, na katika nchi kama yetu fungu hilo si dogo. Kisichojua ni kile kikokotoo cha mtu binafsi, kwa sababu kilitungwa na watu ambao umeme ndio moto wao. Kiliniuliza sehemu gani ya umeme wangu inatokana na jua na upepo. Nikajibu maji, nikipata kiburi kidogo cha Bwawa la Nyerere, na kikaniongezea alama. LUKU yangu ni ya taa nne, feni, friji na televisheni.

Baada ya mkaa nikageukia unga, maana mama yangu mzazi analima Muheza na mahindi yetu ya nusu mwaka yanatoka kwake. Ana ekari mbili kando ya michungwa. Mwaka mzuri anavuna magunia manane kwa ekari. Mimi nilidhani hesabu itasema: mwanao anakula mahindi ya ekari moja, basi unyayo wake ni ekari moja. Haiko hivyo. Mahindi yanagawanywa kwa mavuno ya wastani wa dunia, ambayo kwa ekari ni kama magunia 23, kwa sababu ndani ya wastani huo wamo Wamarekani wa Iowa na mbolea zao na matrekta yanayojiendesha. Magunia manane ya mama yangu yanahesabiwa kana kwamba yametoka kwenye theluthi ya ekari. Kisha inazidishwa, kwa kuwa ardhi ya kulima ina thamani kubwa kuliko malisho au msitu, lakini theluthi inabaki theluthi. Na upande wa pili wa leja, ule wa uwezo wa ardhi, ekari yake nayo inaandikwa theluthi.

Nilikaa na jambo hili siku mbili. Mama anapinda mgongo ekari nzima, kwenye vitabu anaonekana theluthi. Sisemi ni dhuluma. Mhasibu yeyote anayebadilisha shilingi kuwa dola anafanya hivyo hivyo. Lakini angalia kinachofuata. Kama mazao yaliyovunwa na uwezo wa shamba vinatokana na namba ile ile ya mavuno, pande hizo mbili za leja zitalingana daima. Shamba haliwezi kuonekana limezidiwa. Ukilichosha mpaka likatoa magunia mawili, matumizi yanaandikwa madogo na uwezo unaandikwa mdogo, salio linasoma sifuri, na vitabu vinapendeza.

Niliwahi kwenda Kondoa, kwenye mazishi, na kusimama ukingoni mwa korongo ambalo nyumba ya ghorofa ingezama ndani yake isionekane. Wazee walitusimulia habari za mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo yote ilivyoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka ili nyasi zirudi. Udongo ulioondoka Kondoa hauna safu katika leja ya unyayo. Wala sumu kwenye mito haimo, wala maji ya kisima yanayoshuka, wala mifuko ya plastiki tuliyoipiga marufuku mwaka 2019. Wenye hesabu wenyewe hawafichi hili. Wanasema kipimo chao ni cha kima cha chini. Ila vichwa vya habari havina nafasi ya maneno hayo.

Mwaka 2013 kundi la watafiti lilichapisha uhakiki mkali kwenye jarida la PLOS Biology. Hoja yao, kwa lugha ya dukani, ni kwamba ukitoa fungu la hewa ya ukaa, dunia haijazidiwa. Mafungu mengine matano yanakaribia kulingana. Ile nukta saba yote inatokana na msitu wa kufikirika ambao ungefyonza moshi wa magari, mitambo na viwanda, na fungu hilo peke yake ni karibu asilimia 60 ya unyayo wa binadamu wote. Wackernagel na wenzake walijibu, mabishano yakaendelea. Mimi sioni kama hoja hiyo inaua kipimo. Inanieleza tu kwamba mtu akisema "tumekula dunia moja na nukta saba" hasemi habari ya kula. Anasema habari ya kuchoma.

Hapo ndipo orodha ya nchi inapoanza kueleweka, na kunikera.

Ukipanga nchi kwa matumizi ya kila mtu, Qatar iko juu, Marekani haiko mbali, na sisi tuko chini kabisa: Mtanzania hekta ya dunia moja na kidogo, Mkenya kama moja, Mrundi hata chini ya hapo. Wanatoa pia tarehe za kila nchi. Dunia nzima ingeishi kama Qatar, bajeti ya mwaka ingekwisha mwanzoni mwa Februari. Kama Marekani, katikati ya Machi. Tanzania na Kenya hazina tarehe. Matumizi yetu hayafiki fungu la mtu mmoja, hivyo mwaka unaisha bila kufilisika.

Lakini ipo orodha ya pili, na ndiyo inayopendwa na ramani zenye rangi nyekundu na kijani. Hii inalinganisha matumizi ya nchi na ardhi ya nchi hiyo hiyo. Kanada inatumia kama hekta nane kwa mtu, lakini ina misitu isiyo na mwisho na watu wachache, kwa hiyo ni ya kijani, ni mkopeshaji. Kenya inatumia moja kwa mtu, lakini uwezo wake ni kama nusu tu, kwa hiyo ni nyekundu, ni mdeni. Tanzania tuko nyekundu hafifu, na tulikuwa kijani mimi nilipozaliwa. Ardhi ni ile ile, watu wameongezeka. Mkulima wa Machakos mwenye taa moja ya sola ni mdeni, na bwana wa Calgary, Kanada, mwenye gari la injini ya lita tano ni mkopeshaji. Namba zote mbili ni sahihi. Kila moja inajibu swali lake, moja inauliza unakula kiasi gani, nyingine inauliza umerithi kiasi gani, na watu wanazichanganya kwenye sentensi moja bila hata kupepesa macho. Kwenye duka letu nikichanganya mauzo na mtaji nafukuzwa kazi.

Biashara nayo ina mambo yake. Unyayo unamfuata mnunuzi: waridi la Naivasha linaandikwa kwa mwenye chombo cha maua Uholanzi au Uingereza, si kwa Kenya. Huko ulaya palizuka kelele kwamba maua yanayopanda ndege ni uharibifu, yanunuliwe ya karibu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield kikayapima. Mashina 12,000 ya waridi kutoka Kenya, ndege ikiwemo, yalitoa kilo 6,000 za hewa ya ukaa. Idadi hiyo hiyo kutoka Uholanzi ilitoa kilo 35,000. Kule wanapasha moto nyumba za vioo na kuwasha taa majira ya baridi. Naivasha jua ni la bure.

Turudi kwa Mama mdogo, maana Falme za Kiarabu zina historia yao na kipimo hiki. Mwaka 2006 shirika la uhifadhi la WWF lilitoa ripoti yake ya hali ya sayari kwa takwimu za mwaka 2003, na Falme za Kiarabu zikaibuka namba moja duniani: hekta 11.9 kwa kila mtu, wakati Mmarekani alikuwa na 9.6. Serikali ingeweza kununa ikaachia hapo. Badala yake, mwaka 2007 ikaanzisha mpango wa Al Basama Al Beeiya, ikakaa na hao hao wapimaji kuzikagua namba upya, na baadaye ikatafuta mafungu makubwa yametoka wapi. (Angalia Waarabu hawakuchukua mguu. Basma ni alama ya kidole, ile ya muhuri wa dole gumba.) Ikaonekana zaidi ya nusu ya unyayo ni wa majumbani: viyoyozi, taa, maji ya bahari yaliyochujwa chumvi kwa nishati nyingi, magari. Wakatunga kanuni za taa na za viyoyozi. Miaka michache baadaye Qatar na Kuwait zikawapita, sijui kama kwa hilo mtu hupongezwa.

Lakini wastani wa huko unagawanywa kwa nani? Karibu watu tisa katika kumi wanaoishi Falme za Kiarabu ni wageni. Mpakistani wa ujenzi anayelala chumba kimoja na wenzake saba, na mwenye jumba la bwawa la kuogelea, wanaandikiwa hekta sawa. Mama mdogo yuko katikati, nyumba ya vyumba viwili na mjukuu na mkwe. Kiyoyozi kinaunguruma tangu Aprili hadi Oktoba, kwa sababu nje ni nyuzi 45 na kukizima si suala la maadili, ni suala la kwenda hospitali. Maji ya bomba lake yalikuwa ya bahari. Yeye hajachagua lolote kati ya hayo, kama mimi nisivyochagua kusimama kwenye daladala.

Na kwetu ni vile vile. Kaka wa Mwenge na binamu wa Muheza wanagawana wastani mmoja wa Taifa. Shirika la misaada la Oxfam lilikadiria mwaka 2015 kwamba asilimia kumi ya watu matajiri zaidi duniani ndio wenye karibu nusu ya hewa ya ukaa yote, na nusu maskini ya dunia ina kama asilimia kumi tu. Mstari huo haupiti mipakani, unapita katikati ya mitaa. Masaki wanaoga maji ya moto ya umeme na jenereta lipo tayari nyuma ya nyumba.

Vikokotoo vya mtu mmoja mmoja vina asili yake pia. Kampuni ya mafuta ya BP ndiyo iliyotangaza sana unyayo wa kaboni, yaani lile fungu la hewa ya ukaa peke yake, kwa umma miaka ya mwanzo ya 2000, ikaweka kikokotoo mtandaoni mwaka 2004 ili kila mtu ajipime. Muuza mafuta anamuuliza mnunuzi: wewe umechoma kiasi gani? Nikikumbuka hilo naangalia alama zangu nzuri kwa jicho jingine.

Hata hivyo siwezi kujifanya nimeonewa tu. Mwaka juzi nilikwenda Sharjah kwenye harusi. Kutoka Dar hadi Dubai ni kilomita kama 4,000, kwenda na kurudi 8,000, na fungu la abiria mmoja wa daraja la kawaida ni kati ya nusu tani na tani nzima ya hewa ya ukaa. Mtanzania wa wastani, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, anatoa kama robo tani kwa mwaka. Nilitumia miaka miwili hadi minne ya Mtanzania mwenzangu kwa wiki moja ya pilau na mahina. Mtoto wa mama mdogo alikuja kutupokea na gari kubwa lenye kiyoyozi hadi chini ya viti, na mimi niliegemea kile kiti nikafumba macho. Sikukumbuka daladala hata kidogo. Kikokotoo cha mwezi wa tano kiliuliza ndege za mwaka huu, nikajibu sifuri, nikawa mtakatifu kwa sababu ya kalenda.

Ile ripoti ya mwaka 2006 ilikuwa na jambo jingine. Walichora nchi zote kwenye mhimili wa maendeleo ya watu, afya na elimu na kipato, na mhimili wa unyayo, wakatafuta iliyo na watu wenye maisha bora bila kuzidi fungu la mtu mmoja. Ilipatikana moja, Cuba. Watu wakaiandika kama mfano wa kuigwa. Kweli walikuwa na madaktari na shule. Lakini unyayo wao ulikuwa mdogo pia kwa sababu Muungano wa Kisovieti ulianguka, mafuta ya bei nafuu yakakatika, mabasi yakasimama, watu wakapanda baiskeli na ng'ombe wakarudishwa kwenye majembe. Hawakupiga kura juu ya hilo. Nikaona nimepata mwenzangu wa Tabata.

Niliyaandika yote haya kwa ufupi, nikayasoma kwa sauti, nikamtumia Mama mdogo. Dakika sita, kwa mara ya kwanza nilimzidi. Nilimweleza habari ya gunia, na hekta mbili, na mahindi ya dada yake yanavyoandikwa theluthi. Hapo ndipo alipokasirika. Ya dunia tano na nusu hakuyagusa tena. "Theluthi? Mgongo wa dada yangu theluthi? Nani kaandika hivyo?" Nikajaribu kumweleza wastani wa Iowa, akasema hao waje Muheza na jembe la mkono.

Serikali imesema asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nimemsomea mama mkwe. Akauliza mwaka huo yeye atakuwa na umri gani, akapiga hesabu kwa vidole, akarudi kuchagua mchele.

Desemba kuna harusi nyingine, ya mjukuu mkubwa wa Mama mdogo, na tiketi ameshatukatia, yangu na ya mama mkwe, ambaye hajawahi kupanda ndege. Nikijipima mwakani sitakuwa tena dunia moja kasoro. Mama mkwe ameuliza swali moja tu kuhusu safari, tena jana, akiwa anapuliza jiko.

"Huko Sharjah, maharage wanayapikia nini?"